Retenue

Mjukuu wangu Salima,

Hatujambo hapa Moroni, ila bibi yako na mguu wake. Unauliza eti ukae na mwalimu wa Kiingereza mpange masomo yako ya hesabu, kwa vile watoto wengine lugha inawapita? Jamani, hilo nalo la kuuliza!

Kisiwa cha Nzwani kilipojitenga, nilipokea darasani kwangu msichana aliyekimbia kutoka Mutsamudu, mji wa huko. Mwenzangu, mwalimu wa Kifaransa, akataka tumwandalie maneno ya hesabu. Nikamjibu, "Niache, hesabu haina lugha!"

Kesho yake nikamfokea msichana, "Umesahau retenue!" yaani ile moja ya kubeba katika kujumlisha. Kengele ilipolia wenzake wakatoka, yeye kaketi.

"Mbona huendi?"

"Si umenipa retenue, Mwalimu?" Neno hilohilo shuleni ni adhabu ya kubakizwa. "Lakini nimekosa nini?"

Hakukosa yeye, Salima. Kamwone mwenzako kesho.

Babu yako