Soksi Zilizopigwa Pasi

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya lolote, mgongo wako: bado unauma ukiinama? Sisi huku tu wazima. Baba analalamika goti, lakini ukimtajia hospitali anapona papo hapo. Mama anauliza kama unakula au unajidanganya kwa chai.

Barua yako nimeipata, nikaisoma nikiwa nimesimama maana kukaa kulinishinda. Yaani unaniambia nimwombe Profesa radhi ili nimalize shahada yangu? Wewe umetolewa kwa mzee uliyekuwa ukimtunza, ukatupwa kufua mashuka ya hoteli, na pasipoti yako wakala wa ajira kaifungia ofisini kwake, halafu radhi niombe mimi! Nimekasirika, Shangazi, na hata wewe nimekukasirikia.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wakala hatakuambia. Unajua tasnifu yangu inahusu nini, ingawa Baba bado anawatangazia watu kwamba nasomea uchungaji. Nachunguza marabi wa Kiyahudi wa kale waliandika nini kuhusu haki za kibarua, kisha nalinganisha na mikataba yenu ninyi mliovuka mipaka kutafuta kazi. Sura ya mwisho ni ya usalama wa kompyuta: namna ya kutunza maneno ya mfanyakazi bila mwajiri kumtambua. Ndiyo maana wewe na wenzako mliponisimulia yenu kwa simu, nilibadilisha sauti, nikafuta majina, nikaifunga kila rekodi kwa neno lake la siri.

Profesa, kama msimamizi wangu, akataka kusikiliza moja ili aipime kazi. Ikawa yako, nikampa neno lake la siri. Akaisikiliza, kisha akaituma kwa wakala, eti wahakiki ukweli. Na kwa ustaarabu wake akanitumia nakala ya barua pepe hiyo! Jina lako halikuwamo wala sauti yako. Ila ulisimulia jinsi mzee anavyodai soksi zipigwe pasi na azivae zikiwa bado na joto. Nani mwingine anapiga pasi soksi? Nasikia ofisi nzima ya wakala ilicheka, kisha wakakuita.

Kinachonichoma ni kwamba mtu huyu huyu ametufundisha muhula mzima lile katazo la marabi la kusoma barua ya mtu bila idhini yake. Alilihubiri pale ubaoni mpaka mate yanaruka. Nilipomkumbusha kwa ukali, huo unaotaka niuombee radhi, akasema, "Barua ni barua, bwana. Hii ni data." Data! Shangazi yangu mzima na mgongo wake!

Jana akaniita tena. Anataka maneno ya siri ya rekodi za wenzako wa bwenini, la sivyo tasnifu haiendi kwa watahini. Nikafungua kompyuta yangu pale pale mezani kwake. Akatabasamu, akidhani namwandikia. Nilikuwa nafuta. Zote, na nakala zake.

"Umejiharibia maisha," akasema.

"Ya kwangu, ndiyo," nikamwambia. "Ya kwao huyapati."

Kwa hiyo sina tasnifu, na usinililie. Nimeshalia mwenyewe kwenye ngazi, mfagizi akanipisha na ndoo yake.

Rekodi yako pekee nimeibakiza, pamoja na ile barua pepe. Nimempata wakili wa chama cha wafanyakazi huko kwenu, naye anasema kwa hivyo viwili atamlazimisha wakala aitoe pasipoti yako. Lakini sijampa kitu. Ni maneno yako, na hayatoki hapa mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo.

Nisalimie wenzako wa bwenini, na waambie wako salama. Binamu zako wote wanakusalimu, na kitinda mimba wetu anauliza utarudi na nini. Mimi nakutaka wewe tu, mikono mitupu. Mungu akulinde na akupe usingizi wa kutosha.

Kifungu nilichokuwa nikikitafsiri asubuhi ile kabla ya kuitwa kinasema kibarua anaweza kuacha kazi hata katikati ya siku. Mimi nilitoka kwa Profesa saa sita mchana, jua utosini. Liweke chini hilo shuka, Shangazi, uniandikie ndiyo.

Wako akupendaye, hasira na yote,
Kasuku wako