Kicheko Changu Kwenye Filamu ya Mafuriko

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako ya huko Mwanza imefika, marahaba, mama. Sisi wazima. Baba yako yuko dukani Kariakoo, nami mvua hii imeninyima utulivu, kila mara nachungulia barabarani.

Umeuliza kwa nini kwenye ile filamu ya zamani navuka mafuriko ya Msimbazi nikicheka, na mtoto mgongoni. Neema, tulikuwa tumeshavuka. Mpiga picha alichelewa, akatuomba turudie. Basi baba yako nikamwacha kwa jirani, nikafunga mgongoni furushi la nguo. Mara ya kwanza nililia njia nzima. Mara ya pili nilicheka, maana nguo hazifi maji.

Baba yako hajarudi bado. Ngoja nikachungulie tena.

Bibi yako