Trauti Asiye na Magamba

Jumapili, 1973. Asubuhi ukungu, alasiri mvua, na mimi hasira tangu kuamka.

Nimechoka na samaki huyu anayeitwa trauti. Nimechoka na aliyemleta katika mito yetu, na kuliko wote nimechoka na Mwalimu Ombati.

Kila Jumapili sasa niko mtoni, na sababu ni Mama. Tangu atoke hospitalini na kile kichomi, amebaki mifupa. Nesi alisema ale samaki apate nguvu, la sivyo tutamrudisha kitandani. Nyama aliiacha alipobatizwa na hairudii. Samaki wa ziwani, mpaka wafike huku Nyamira, harufu inatangulia na wao wanafuata nyuma. Mama anageuza uso. Anataka samaki aliyevuliwa siku hiyo hiyo, tena mwenye magamba kama Maandiko yasemavyo. Kana kwamba amemzaa mtume Petro!

Basi nikaenda kwa Ombati, mwalimu mwenzangu wa jiografia shuleni kwetu. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai alimwachia fimbo ya kuvulia alipokuwa akirudi kwao, pamoja na kibati cha ndoana zilizofungwa manyoya ya jogoo. Fimbo aliniazima mara moja tu. Mawaidha ananipa kila siku. Minyoo ni marufuku, anasema, sheria ya mto ni manyoya tu. Minyoo imejaa tele chini ya migomba yetu, lakini wapi, mheshimiwa trauti anataka manyoya! "Tupa kama unayepiga mjeledi, Mwalimu, ila polepole." Nani duniani alishapiga mjeledi polepole?

Mara ya kwanza nilinasa mkaratusi. Mara ya pili nilinasa kitambaa changu mwenyewe kichwani, kikaruka hadi katikati ya mto, na wanawake waliokuwa wakifua wakaacha nguo wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mwalimu, hicho utakipika na nini?" Mara nyingine mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ombati akasema trauti haoni nyoya katika maji machafu. Angeniambia kabla sijaloa. Na huyo Ombati mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kumwona na samaki, hata mkia.

Nyumbani nako ni vita. Mama amekuwa mgumu siku hizi. Karani wa kituo cha chai alimrudishia kikapu kizima, eti majani magumu yamechanganyika na mazuri. Mama! Yeye aliyetufunza sote majani mawili na chipukizi, akitupiga vidole tukikosea! Nilipomuuliza akanuna, akasema karani ana kiburi. Mboga anaitia chumvi mara mbili. Jana, Sabato, kanisani alimpita dada yake wa tumbo moja bila salamu, na nyumbani nikamgombeza kwa maringo. Kitabu cha nyimbo hataki hata kukishika, anasema nyimbo zote ziko moyoni. Nikasema moyoni mwangu, huu ni uzee wa makusudi.

Leo nimempata.

Wala si kwa mjeledi wa Ombati. Nilikuwa nimechoka, nikaketi nyuma ya jiwe kama mtu aliyefiwa, nikaliachia nyoya hapo karibu tu, lishuke na maji lenyewe. Nadhani kivuli changu hakikufika majini. Uzi ukavutwa. Nilipiga kelele, nikarudi nyuma, nikaanguka kwenye matope na fimbo juu, na samaki akaja nami nchi kavu, mwenye madoadoa, mzuri ajabu. Nilimfunga kwenye jani la mgomba nikapanda kilima nikiimba.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwekea samaki mapajani. Akampapasa kutoka kichwa hadi mkia, taratibu, kisha akamsukuma kando.

"Huyu hana magamba. Ni ndugu yake kambare. Mpe paka."

Ee Nyasae, Mungu wangu! Jumapili zote zile! Kitambaa changu kizuri! Ningejibu ningetenda dhambi. Nilichukua kisu nikamkwangua huyo samaki kuanzia mkiani, kwa hasira, na kweli yakatoka magamba, madogo kama pumba za wimbi, yakagandamana kwenye kisu. Nikarudi mlangoni penye mwanga, nikanyoosha mkono.

"Tazama, Mama! Hayo ni nini kama si magamba?"

Akainua uso. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali. "Naona, mwanangu. Kweli ni magamba. Samahani."

Kisu kilikuwa mkono wangu wa kulia. Yeye alikuwa anautazama wa kushoto, na haukuwa na kitu.

Nilisimama pale na kisu changu. Kikapu cha chai kikanijia, na chumvi, na kitabu cha nyimbo, na dada yake aliyepitwa kanisani. Nikachuchumaa mbele yake nikamwangalia machoni, kitu ambacho sijui mara ya mwisho nilikifanya lini. Katikati ya kila jicho pana weupe, kama moshi.

"Tangu lini, Mama?"

"Usiwaambie pale kituoni," akasema. "Wakijua, hawatapokea tena chai yangu."

Nikampika samaki kwa nyanya na kitunguu. Nilimtolea miba yote kwa vidole, kama alivyonitolea yeye nilipokuwa mdogo, nikamwekea vipande juu ya ugali wa wimbi na kuuongoza mkono wake hadi viliko. Alimmaliza wote. Akauliza kama wako wengine.

Kesho kabla ya kengele nitamwomba mwalimu mkuu ruhusa, nimpeleke Mama kwa daktari wa macho Kisii. Wanasema mtoto wa jicho hutolewa siku hizi na mtu akaona tena. Fimbo ya Ombati nakaa nayo kwanza, apende asipende.

Hasira bado ninayo, tena nyingi. Sasa sijui tu nimkasirikie nani.