Mwendo wa Baba

Gafsa, 4 Februari 2019

Kwako mdogo wangu Tijani,

Asalaam aleikum. Huku tunamshukuru Mungu, ila kifua cha Baba kinambana tangu baridi ianze. Nawe u mzima? Haya, salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Juzi Baba alitazama kwenye simu onyesho lako la huko Marseille. Lile letu, tulilolitunga ghalani enzi zile polisi wanadai maandishi kabla ya kila mchezo, nasi tunawajibu hatuna maandishi, tuna miili tu. Majira mazima ya baridi nilimfuata Baba akitoka mgodini nijifunze mwendo wake: bega moja limeshuka, mkono unatafuta ukuta, kikohozi kinampinda. Wachimbaji walipouona jukwaani hawakupiga makofi. Walisimama.

Wewe mwendo huo umeuvalisha pua nyekundu ya mchekeshaji! Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Baba akaniuliza, "Wanachekea nini?"

Mjibu wewe.

Dada yako,
Wassila

Marseille, 19 Februari 2019

Da Wassila,

Waleikum salaam. Mpe Baba pole ya kifua. Mimi mzima, ila barua yako imenichoma.

Unajua nimeosha vyombo vya watu muda gani kabla ya kupewa jukwaa? Mwenye ukumbi aliniambia, "Huzuni ya mgodi haijazi viti." Ulitaka nifanyeje? Wewe umebaki kwenye ghala linalovuja, na watazamaji walewale, unajiita Kikundi cha Vumbi kama vile vumbi ni sifa. Sanaa isiyoonwa na mtu ina faida gani?

Tena kuna habari njema. Watu wa filamu wanataka kuja Aprili wampige Baba picha akitembea. Mwandae.

Mdogo wako,
Tijani

Gafsa, 11 Machi 2019

Tijani,

Salamu nakupa kwa sababu ni sunna.

Mwandae! Baba amekuwa bibi harusi? Nilimsomea barua yako akiwa anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni. Akamaliza kula, akafuta mikono, akauliza, "Mnacheza lini?"

Ijumaa alikuja. Nilipoanza ule mwendo, akainuka kitini, akapanda jukwaani na fimbo yake, akanigusa bega. "Pumzika, binti yangu. Hii kazi naijua."

Akalivuka jukwaa mwenyewe. Katikati kikohozi kikamkamata. Nilitaka kumkimbilia, Monia, mwenzetu yule wa tangu mwanzo, akanishika mkono: "Mwache! Hajamaliza." Baba akasubiri kikohozi kipite, akaendelea hadi ukutani. Halafu, kwenye kikundi ambacho hakijawahi kutamka neno jukwaani, akawageukia watu akasema:

"Kifua hiki nilipewa na mgodi. Mwanangu anakiuza."

Mimi nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Filamu yako ilikuwa pale, na hakuna aliyeipiga. Na jina la Vumbi, ambalo bado unalitumia kwenye mabango yako, liondoe.

Dada yako,
Wassila

Marseille, 30 Aprili 2019

Da Wassila,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii iwakute salama, Baba hasa.

Nimechelewa kuandika. Watu wa filamu nimewakatalia. Jumamosi niliingia jukwaani bila pua. Walicheka kwa mazoea, nikasimama tuli, nikawatazama. Mmoja akapiga kelele, "Cheza, bwana!" Nikatembea kama Baba, hatua kwa hatua. Nusu ya ukumbi wakatoka. Mwenye ukumbi akanifukuza hapohapo, na mavazi yangu bado yako ndani.

Sitaki unisifu. Nataka kujua tu kama Baba atanipokea. Nawe pia.

Mdogo wako,
Tijani

Gafsa, 13 Mei 2019

Tijani,

Waleikum salaam. Baba yuko vilevile, anakohoa na anabisha.

Barua yako nimemsomea mara mbili, ya pili kwa amri yake. Anasema njoo. Ameniagiza nikutandikie chumba cha uani, na nimetandika.

Hayo ni maneno ya Baba. Mimi sijasema kitu. Ukifika, mbusu mkono, ule, ulale. Akitaka kutembea, tembea naye, nyuma yake, usimwigize. Ghalani usikanyage mpaka nikuite, na sijui kama nitakuita.

Wassila