Njaa Niliyoiita Mfungo

Kwako dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Najua umeshaninunia, na una haki. Mwanzoni kila nikishika kalamu mtoto alilia, na akinyamaza usingizi ulinichukua nikiwa nimekaa. Natumaini wewe hujambo, shemeji hajambo, na mama miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima wa kutembea tu. Mengine yasome ukiwa umekaa, na mama asiwe karibu.

Kwaresima ilipoanza, sisi wapiga pasi wa pale dobi kila mmoja alitaja atakachojinyima ili amkaribie Mungu. Msimamizi alisema ataacha sukari kwenye chai. Jirani yangu wa meza, yule tunayemwita Redio, akasema ataacha umbea. Wakamcheka, wakamwambia amwonee Mungu huruma, asimwahidi asichokiweza. Zamu yangu ilipofika nikasema sitakula mchana mpaka Pasaka. Redio akauliza anayenyonyesha anafungaje, wakati Kanisa lenyewe limemwondolea mzigo huo. Nikamjibu kwa ukali kwamba kila mtu na Mungu wake.

Basi wakaanza kuniheshimu, dada. Wakifungua vyombo vyao kula, mimi nilibaki na pasi, mvuke unanipiga usoni, nasali.

Maziwa yakapungua. Mtoto ananyonya, anaachia, ananitazama, anarudia. Baadaye akaacha hata kulia, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba amekuwa mtulivu. Siku niliyompeleka kazini, Redio alimfinya ngozi ya tumbo taratibu. Ikabaki imesimama kama mkunjo wa shuka. Alimfunga mgongoni kwake, akatangulia hospitali, mimi nyuma. Njia nzima hakutoa neno, na Redio kunyamaza si jambo dogo.

Sasa tuko wodini. Ana mpira puani wa kumlishia. Daktari anasema figo zimechoka, hawezi kuniahidi kitu. Padri alipopita kubariki wagonjwa nilimweleza habari za mfungo wangu, nikitegemea atanifariji. Akasema kwa upole kwamba chakula nilichojinyima hakikuwa changu, kilikuwa cha mtoto, na mtu hatoi sadaka kitu cha mwenzake. Kisha akaniuliza ni kitu gani kingeniuma zaidi kukiacha. Nilikijua palepale. Sikumjibu.

Nakujibu wewe, dada. Mimi sikufunga. Chakula hakikuwepo. Baba mtoto aliondoka kabla ya Krismasi, na ninachopata dobi kinaishia kwenye kodi ya chumba. Zile salamu zake nilizokuwa nakuletea, nilizitunga mwenyewe. Kwaresima ilipokuja nikaona nimepata pa kuficha njaa. Nikaipa jina la Mungu, watu wakaisifu. Ningesema neno moja tu, Redio angenimegea mkate wake. Lakini kusema sina, mbele ya watu, kulinishinda. Aibu hiyo ndiyo ninayoiacha leo, na inaniuma kuliko njaa yenyewe.

Usimlaani mtu. Usiniambie nimtafute baba mtoto, hilo nimeshalimaliza. Mama mwambie wewe, unajua namna ya kumwambia. Shemeji na watoto wasalimie sana, na mtutaje kwenye sala zenu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda.

Ninavyohitaji ni hivi: maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, makopo mawili. Kikombe kidogo chenye mfuniko. Shuka mbili za mtoto, hata kuukuu. Sabuni ya kufulia. Unga na sukari kwa ajili yangu, maana daktari ameniamuru nile, na nitakula. Na yale magauni ya binti yako yaliyombana, ya mtoto wa mwaka mmoja. Najua huyu wangu yatampwaya kwa sasa. Yatume hivyo hivyo.