Maji Yasiyopiga Hodi

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mabati.
Jumapili, mwezi wa nne.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu tele kutoka kwa kaka yako. Hujambo? Cherehani inakwenda? Na mama, mgongo umetulia? Mimi ni mzima kama chuma, ila gumba moja limeonja nyundo.

Mageti nimeacha. Siku hizi natengeneza mawimbi, usicheke. Wataalamu wa chuo walitaka tangi refu la maji, na mji huu mzima ungemwita nani mwingine? Upande mmoja nimechomelea mteremko wa bati wenye mlango wa kuvuta kwa mnyororo. Ukivuta, kokoto zinaporomoka majini. Hiyo ndiyo elimu ya juu, na wanaivalia makoti meupe.

Kokoto hizo ni ubavu wa mlima wa volkano. Mlima huo haukujengwa na fundi wa maana: ni majivu, mawe na lava, tabaka juu ya tabaka, na mvuke wa ndani unazilainisha. Siku ubavu ukichoka, unashukia baharini. Ukimeguka kidogo kidogo, si neno. Ukishuka mwingi na kwa kasi, unasukuma maji, nayo hayana pa kwenda ila juu na mbele.

Mimi nilibisha. Nikasema wimbi litafika upande wa pili limechoka, nikasimama hukohuko na suruali yangu ya kutokea. Maji yakapanda ukuta, yakanipanda na mimi.

"Fundi, umeoga?" akaniuliza daktari wao wa elimu ya volkano, mama mmoja mkavu kama biskuti.

"Nimeoga na nguo nimefua, mama. Chuo chenu kina huduma!"

Tulicheka. Kisha nikamweleza kuwa mama yangu analala chumba cha chini, nanyi ghorofani, ufukweni, mkabala na mlima unaofuka, na bahari ya katikati ni nyembamba. Hapo hakucheka. Akauliza mnasubiri nini ndipo mkimbie. Nikasema ardhi itikisike, king'ora kilie. Akasema ubavu unaweza kuteleza bila tetemeko la kusikika, na king'ora kinachotegemea matetemeko kikakaa kimya. Kwa bahari nyembamba hivyo, maji yatafika mnatafuta viatu.

Lini, hata yeye hajui. Pengine kesho, pengine enzi za vitukuu wako. Simtishi mtu.

Najua mama atasema, "Nimeukuta unafuka, nitauacha unafuka." Sawa. Lakini wewe una miguu ya kukimbia, yeye goti lake linaomba ruhusa hata kupanda ngazi. Mchana mshone nyote wawili hapo dukani, macho yenu baharini. Usiku alale kilimani kwa shangazi.

Ndiyo, najua hawasemeshani tangu ule ugomvi wa sufuria. Shangazi nimeshamwandikia. Kajibu mstari mmoja: "Chumba kipo, mdomo auache huko chini."

Kwa hiyo Jumamosi nakuja na spana kufungua kitanda cha mama. Akikataa kushuka kitandani, nitawabeba wote wawili, yeye na kitanda.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na jirani kinyozi mwenye maneno. Mungu awape usingizi mzito mahali pakavu.

Wako akupendaye,
Kaka yako mkubwa