Mama Mapendo Anashukia Ipogolo

Jumatano, 16 Julai 2025

Jofrey wa shirika lililotuletea Mapendo kapiga simu kutoka Mbeya. Wamempata! Mama yake Mapendo yuko hai. Alikimbilia Uvira, akavuka ziwa mpaka Kigoma, sasa yuko njiani. Jumamosi anashukia Ipogolo, kituo cha basi cha hapa kwetu.

Nimekaa chini palepale jikoni. Mwaka na miezi minne sasa tangu huyu mtoto alipotolewa Kongo kwa ndege, mguu umepondwa na bomu, akapasuliwa mara tatu kule Mbeya, ndipo akaletwa kwetu Kihesa apone. Nimelia, nimecheka. Silvester ananiuliza, mke wangu, huo ni msiba au harusi? Mume gani huyu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Mapendo. Kaendelea kumenya njegere. Halafu: atanijua?

Alitoka kwao na miaka minne na nusu, sasa anakaribia sita. Nimemjibu mama hasahau. Sikumwambia ninachoogopa, kwamba yeye ndiye kamsahau mama. Hata picha hatuna. Nimemwomba Mungu kitu kimoja: mtoto amwendee mama yake, asijifiche kwenye sketi yangu. Na nilipomaliza kuomba roho imeniuma. Niseme tu ukweli, maana hapa hasomi mtu.

Ijumaa, 18 Julai

Wanawake wa usharika wamesikia. Mwenyekiti wetu Esnath kaamua — tunakwenda wote, na sare. Eti mgeni hapokelewi na mtu mmoja kama parseli. Nimekubali. Mapendo atakaa kwenye pikapu ya Fidahussein mwenye duka, baridi isimpate. Mama akishashuka, ndipo nimtoe. Sapraizi. Nimejiona nina akili kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Akili gani!

Basi limefika saa saba na robo, linakwenda Dar. Sisi thelathini na nane, sare za bluu. Mlango umefunguka, kashuka mwanamke mwembamba na begi la shangazi kaja. Mguu mmoja tu umegusa chini. Esnath akapiga kigelegele, tukamkimbilia wote.

Katuona. Karudi ndani. Kondakta anamuuliza, si unashuka hapa? Yeye, hapana, siyo hapa, twende. Basi hilo, limeondoka naye. Na simu yake laini ya Kongo, haishiki huku. Tumebaki tunatazamana na vitambaa vyetu vya kupungia.

Mimi ndiye mwenye kosa. Jofrey alimwambia atapokewa na mama mmoja mwenye mtoto. Mtoto nimemficha, nikamletea jeshi.

Fidahussein akapiga honi: ingieni, mnashangaa nini? Mzee ambaye siku zote anapitwa na baiskeli! Leo katupeleka mpaka nimesahau maombi yangu yote. Mapendo katikati yetu. Esnath nyuma, kashikilia kilemba.

Tumelikuta basi Ilula, abiria wananunua vitunguu. Nikamwambia Mapendo, shuka mwenyewe. Mimi nikabaki garini, nimeng'ang'ania mkanda.

Kaenda, anachechemea kidogo, na koti lake la kijani. Mama yake dirishani. Hakuangalia uso, kaangalia mguu. Anatembea, akasema. Anatembea, anatembea — mpaka wauza vitunguu wakageuka. Akateremka mbio.

Mapendo akasimama. Hakwenda mbele, hakurudi kwangu. Kisha akakunja suruali, akaanza kuonyesha makovu moja moja kama kliniki: hapa waliweka chuma, hapa walishona, hapa haiumi tena. Mama yake akapiga magoti kwenye vumbi, anabusu kovu baada ya kovu. Likiisha moja, mtoto anamwelekeza lingine. Walipofikia la mwisho, Mapendo akamkumbatia shingoni.

Nimelia mpaka Fidahussein kanipa kitambaa cha kufutia kioo.

Njiani Cibalonza, ndilo jina lake, katueleza taratibu: kwao, watu wakilikimbilia gari kwa makelele, hushuki. Esnath kaomba radhi mara sita.

Jumapili, 20 Julai

Kibali cha Cibalonza ni miezi mitatu. Baada ya hapo hatujui. Kwao Bukavu bado hakujatulia. Jofrey anasema tusubiri. Silvester keshaanza kupima chumba cha stoo kama kitanda kinaingia.

Tumetoka ibadani. Cibalonza kaomba kitenge, ambebe mtoto mgongoni. Nimemwambia huyu mkubwa, atakuvunja kiuno. Hakusikia. Mara ya mwisho alimbeba hivyo mpaka kwenye ndege, akarudi mgongo mtupu.

Wanazunguka uwani, miguu ya Mapendo inaning'inia karibu iguse chini, anacheka mpaka kwikwi. Mimi hapa kizingitini naandika. Mzunguko wa nne huu.

Mapendo kaita, Mama!

Tumeitika wawili.

Nimeona aibu, nimejifanya natafuta kalamu. Cibalonza kasimama, ananitazama. Anasema kwa Kiswahili cha kwao, dada, kuya unisaidie kufunga kitenge, inalegea.

Naenda